Maji ya Haridwar

Bhikhubhai wakala wa bima hakuwa na desturi ya kugonga mlango. Nyumba ya jamaa haigongwi. Alivua viatu kizingitini, akaita, "Mama Jalpa, chai!" kabla hata hajaona mtu, akajitupa kwenye bembea ya sebuleni ikalia kwa uzito wake.

"Viza imetoka, na mimi nasikia kwa watu!" alilalamika. "Muuza dawa ndiye ananipa habari. Mimi, mjomba wa mume wa binti yenu! Nyie mlitaka kukata bima ya safari kwa nani? Mkikata kwa mwingine najinyonga na mnyororo wa bembea hii hii."

"Utauvunja mnyororo bure," alisema Ishwarbhai, mwenye nyumba, akacheka kupita kiasi.

Mkewe Kapila alitokea jikoni na unga mikononi hadi kwenye viwiko. Alikuwa mwanamke mwembamba wa miaka hamsini na tisa, na katika joto lile la mji wao wa Petlad alikuwa amevaa blauzi iliyofungwa mpaka shingoni, kama alivyovaa kila siku. Baada ya wiki tatu alitakiwa awe Amerika, New Jersey, kwa binti yake Jalpa, ambaye mimba yake ya kwanza ilikuwa imeingia mwezi wa nane. Kwetu uzazi wa kwanza ni mzigo wa upande wa mke. Mama mzazi asipokuwepo watu hawaulizi kwa nini. Wanajijibu wenyewe, na jibu lao huwa baya.

"Haya, tufanye haraka," alisema Bhikhubhai, akatoa fomu na kalamu. "Sukari?"

"Hana," alijibu Ishwarbhai.

"Presha?"

"Presha ni yangu mimi, inapanda nikimwona yeye."

Bhikhubhai alicheka, akaandika. "Moyo? Kulazwa? Upasuaji wowote?"

Kapila alitazama sakafu. Mumewe hakusita hata kidogo. "Moyo wa huyu ni wa ng'ombe. Andika safi, safi kabisa."

Hapo ndipo umeme ulipokatika. Feni ilizunguka mara mbili tatu kwa uvivu, ikasimama, na sebule ikawa kimya. Katika kimya kile kikasikika kitu. Ti, ti, ti, ti. Kilikuwa kidogo na kikavu.

"Saa gani hiyo?" Bhikhubhai aliinua kichwa.

"Ya chumbani," alisema Ishwarbhai.

"Mbona inakwenda mbio hivyo? Ipelekeni kwa fundi, itawafikisha kesho kabla ya leo kwisha."

Kapila alianza kukohoa. Alikohoa mpaka machozi yakamtoka, akarudi nyuma hatua kwa hatua hadi jikoni, akasimama kando ya jiko na mikono yake ya unga ameikumbatia kifuani. Alitamani kile kilango cha chuma walichomwekea madaktari moyoni kinyamaze kidogo tu, kisha akaogopa matakwa yake mwenyewe.

Sebuleni Bhikhubhai alikuwa ameshika hadithi. "Nauliza kwa sababu, usinione mshari. Yuko bwana mmoja wa Bhadran, alificha sukari. Akaanguka huko Chicago kwa mwanawe. Kampuni ikachimbua, ikachimbua, ikakuta daftari la zahanati ya kijijini. Hawakulipa hata senti. Mtoto kauza nyumba. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Amerika, kaka, kifo kinakuja na bili mkononi." Akapaza sauti. "Dada Kapila! Njoo utie saini."

"Mkono una unga, kaka," alijibu kutoka jikoni. "Niachie hapo. Nitasaini kesho."

*

"Saini tu," alisema Ishwarbhai, Bhikhubhai alipokwisha kuondoka. "Unangoja nini?"

"Na nikianguka kule?"

"Hutaanguka. Miaka sita hujaanguka, uanguke sasa?"

"Yule wa Bhadran naye aliambiwa hivyo hivyo, na mkewe."

Kapila alikuwa akimwaga samli kwenye sufuria ya vitamu vya mzazi, vile vya gundi ya mti na tangawizi kavu, ambavyo mwanamke aliyejifungua hula apate nguvu za mgongo. Mkono wake ulikuwa mzuri kwa vitamu hivyo. Nusu ya mtaa walikuwa wamejifungulia sufuria yake.

Simu ililia. Jalpa. Uso wake ulijaa kioo chote, umevimba mashavu, na nyuma yake kwa mbali kulisikika maji ya bafuni. Mumewe Mitesh alikuwa akioga, ndiyo maana alinong'ona.

"Mama, umemwambia mjomba? Kuhusu moyo?"

Kapila alimtazama mumewe. Mumewe alitazama sufuria.

"Mama! Usinifanyie hivyo. Ukipatwa na jambo huku, bili anaishika Mitesh. Mimi nitamwambia nini mume wangu? Kwamba mama yangu alipasuliwa kifua kabla ya harusi yetu na mimi nikanyamaza miaka yote hii? Nakuomba. Sema. La sivyo, bora usije." Akaanza kulia, maji ya bafuni yakanyamaza, akakata simu.

Bora usije. Kapila alizima jiko. Tangu amzae mtoto yule hakuwahi kusikia neno kama hilo kutoka kwake, na alichoka kwa aibu zaidi ya kwa uchungu, kwani mtoto alikuwa na haki.

"Tumwambie Bhikhu," alisema. "Moyo ni ugonjwa, si wizi."

"Ukimwambia moyo atakuuliza mwezi na mwaka. Kampuni zinataka tarehe." Ishwarbhai alishusha sauti ingawa nyumba ilikuwa tupu. "Mwezi ule, mama Jalpa, sisi tulikuwa wapi?"

Mji wote ulijua walikuwa wapi. Walikuwa Haridwar, kuhiji, kuoga katika mto Ganga.

Nani angewalaumu? Ungekuwa wewe ungefanyaje? Posa ya Jalpa ilikuwa imeshapokelewa, sukari ya kufunga posa imeshalambwa, na ghafla mama mtu anapumua kama aliyekimbizwa. Kwetu posa huvunjwa kwa kidogo kuliko hicho. Watasema moyo umo katika damu yao, binti naye atauharibu uzao wetu. Basi wakaaga watu kwamba wanakwenda hija kuomba baraka za harusi, wakashukia Ahmedabad hospitalini, wakakaa huko mwezi mzima.

Lakini mtu hatoki Haridwar mikono mitupu. Anarudi na maji ya Ganga, amgawie kila jamaa kijungu cha shaba kilichozibwa, kikae kwenye chumba cha ibada. Ishwarbhai alikumbuka jambo hilo asubuhi ya kuruhusiwa. Akatoka mbio sokoni, akanunua vijungu, akavijaza kwenye bomba la ukumbini, pale wagonjwa wanaponawia mikono, akavizibia kwa nta. Kapila, na bandeji zake kifuani, alimwambia, baba Jalpa, hii dhambi. Naye akasema, "Maji ni maji. Mungu hana mita ya kupimia." Akavigawa. Kijungu kimoja kilikwenda kwa Bhikhubhai, na kikubwa kuliko vyote, kwa heshima, kilikwenda kwa wakwe.

Baada ya miaka miwili bibi wa nyumba ile ya wakwe aliugua na kufa. Kwetu mtu akikata roho hutiwa kinywani tone la maji ya Ganga na jani la mrehani, ili aende salama. Walifungua kile kijungu. Kapila mwenyewe alikuwepo, amekaa ukutani na wanawake wengine, akitazama.

*

Kesho yake alikwenda Sojitra, kwa Ranjan, mama mkwe wa bintiye. Alimkuta uani amekaa mkekani na mzigo wa majani ya uwatu, anachambua. Ranjan alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti ya mnada.

"Ohoo, Mmarekani huyo! Umekuja kuniaga au kunitamanisha?" alisema. "Kaa. Shika majani. Kwangu hakuna mgeni wa kukaa bure."

Kapila alikaa, akashika majani. Alichambua rundo zima. Kisha, macho yakiwa kwenye majani, akasema, "Mzazi mwenzangu, nina neno. Mimi nilipasuliwa moyo. Kabla ya harusi ya watoto. Niliwaficha."

"Najua," alisema Ranjan.

"Unajua nini?"

"Hilo. Najua tangu siku ya harusi. Si tulikumbatiana wakati wa kumtoa binti? Umenilalia unalia, mimi nasikia ti, ti, ti. Nikasema huyu kavaa saa gani ya kelele? Nikaangalia mkono, una bangili tupu. Mkono wa pili, bangili. Nikarudisha sikio. Eh! Saa imo ndani!" Akacheka mpaka majani yakamwagika mapajani. "Mke wa kaka yangu mmoja kule Nadiad anayo kama hiyo. Nilinyamaza. Ningesema nini, pale mbele ya bendi, maharusi wamekwishazunguka moto?"

"Ulinyamaza miaka yote?"

"Nilikungoja wewe. Nikasema ataniambia siku atakayonihesabu mtu wake." Ranjan aliacha kucheka. "Umechelewa, lakini umekuja. Nitazungumza na Bhikhu, ni kaka yangu, hawezi kunibishia. Andikeni ukweli, mtoto wetu asiuze nyumba."

Kapila alifunika uso kwa ncha ya sari. Alikuwa amejiandaa kwa matusi njia nzima. Kwa kupokewa vizuri hakujiandaa. Aliona haya kuliko kama angetukanwa. Na bado alijiambia, basi, imetosha, nyamaza hapo, inuka uende. Angeinuka pia, kama Ranjan asingeinuka kwanza.

Ranjan aliingia chumba cha ibada, akatoka na kijungu cha shaba. Alikipandisha kwa heshima kwenye jicho la kulia, kwenye jicho la kushoto, ndipo akamnyooshea.

"Yamebaki kidogo. Yale yale maji yako. Mume wangu amesema tukugawie umpelekee mtoto, akizaliwa atiwe tone. Unamjua Manubhai, halii ovyo, lakini akimtaja mama yake husema, kama si maji ya mama Jalpa ningebaki na deni mpaka kufa kwangu. Shika, mbona unaniangalia?"

Kapila alishika. Nje kulikuwa na mfereji wa kumwagilia tumbaku, hatua chache tu kutoka barabarani. Angeweza kuyamwaga humo, na siri ingeishia hapo. Alilifikiria hilo wazi kabisa, kijungu kikiwa mkononi.

"Haya si maji ya Ganga," alisema.

"Si umeyaleta wewe?"

"Hatukwenda Haridwar. Mwezi ule ndio nilipasuliwa. Ni maji ya bomba, Ranjan. La hospitali."

Ranjan alikaa chini taratibu, mkono mmoja gotini. "Bomba la wapi?" aliuliza, kana kwamba lilikuwepo bomba la afadhali.

"La ukumbini. Wanaponawa wagonjwa."

Ranjan alirudi kwenye majani yake. Alichambua jani, akachambua jani, mabua akiyaweka pamoja na majani bila kuona. Kifua cha Kapila kiligonga uani pale na hapakuwa na feni ya kukificha.

"Mama alikuwa hamezi kitu siku tatu," alisema Ranjan mwishowe. Sauti ya mnada ilikuwa imekwisha. "Maziwa yalirudi. Asali ilirudi. Manubhai akamtia yale maji, akameza. Sote tuliona koo likicheza. Tukasema, mmeona, amekubali, njia imefunguka. Ulikuwepo."

"Nilikuwepo."

"Na ulikaa pale ukutani."

"Nilikaa."

"La moyo nilishakusamehe zamani. Hili ungekwenda nalo, mzazi mwenzangu. Ungekufa nalo. Kwa nini umeniambia?"

"Sikuweza kunyamaza."

"Wewe hukuweza. Mimi je, nitaweza?" Ranjan aliinua macho, na yalikuwa makavu. "Maana nitanyamaza mimi sasa. Manubhai asijue. Kila mwaka siku ya mama anafukiza ubani, anasema yale maneno yake ya deni, na mimi nitakaa pembeni niitikie. Umekuja kutua mzigo wako. Umenitwisha."

Akamnyang'anya kijungu, si kwa nguvu, akakirudisha mahali pake, kwa sababu mumewe angekitafuta.

*

Bhikhubhai alipokuja kuchukua fomu, Kapila alimtuma mumewe dukani na kujibu mwenyewe. Alisema moyo. Alisema kilango cha chuma, dawa ya kuzuia damu kuganda, hospitali, daktari. Wakala aliandika, akitikisa kichwa kwa huruma, kwani dada yake alikuwa ameshamwandaa kwa hilo la moyo.

"Usijali, dada Kapila. Itapanda bei, na watataka barua ya daktari. Moyo watausimamia kwa dharura tu, ile ya kufa na kupona. Lakini ni halali, inalipa. Mwezi na mwaka wa upasuaji?"

Kapila akataja mwezi. Akataja mwaka.

Kalamu iliandika mwezi, ikaandika tarakimu mbili za mwaka, ikasimama. Bhikhubhai alikuwa na kijungu chake cha maji ya Haridwar ofisini, juu ya kabati la mafaili, chini ya picha ya mungu wa heri. Kila asubuhi kabla ya kufungua daftari la mauzo alichovya kidole na kujipaka kwenye paji la uso. Alimtazama Kapila. Naye hakugeuza uso, ingawa masikio yalimwaka moto.

Alimalizia tarakimu mbili zilizobaki. Chai yake haikuguswa.

Baada ya wiki moja alirudi na karatasi za bima, kila kitu kimepigwa mhuri. Kapila alikuwa chumbani akifunga vitamu vya mzazi kwenye makopo. Alisikia mtu anagonga mlango, akauliza ni nani huyo, mgeni gani saa hizi. Alipofungua, alikuwa Bhikhubhai, amesimama nje ya kizingiti na viatu vyake miguuni.

"Sitakaa," alisema. "Nina safari nyingine."

*

Siku ya kuondoka jamaa walikusanyika barazani, wachache, kwa sababu Kapila hakutaka shughuli. Ranjan alimtia alama nyekundu kwenye paji la uso na kumlisha kijiko cha mtindi wenye sukari, safari iwe njema. Hawakukumbatiana, Ranjan alisema mgongo unamuuma. Bhikhubhai alishughulika na mizigo ambayo tayari ilikuwa ndani ya gari.

Ndipo Manubhai akapita mbele. Alikuwa mzee mrefu asiye na maneno mengi, na kijungu cha shaba alikuwa amekizibia upya kwa nta na kukifunga kwa kitambaa chekundu.

"Mlitaka kukisahau hiki," alisema, akamtazama mkewe kwa lawama ya mapenzi. "Siku zote najiuliza nitawalipa nini watu waliomsindikiza mama yangu. Sina. Basi nawarudishia chenu. Mjukuu akitoka, tone moja tu. Mwambieni limetoka kwa babu."

Barazani watu wanne walijua na mmoja hakujua, na huyo mmoja ndiye peke yake aliyekuwa akitabasamu. Ishwarbhai alishika kioo cha gari akajifanya anakifuta. Kapila alimtazama Ranjan, kama mtoto anavyomtazama mkubwa, akingoja aambiwe la kufanya.

"Pokea, mzazi mwenzangu," alisema Ranjan. "Gari linangoja."

Akapokea kwa mikono miwili. Akakipandisha kwenye jicho la kulia, kisha la kushoto, kwani Manubhai alikuwa akitazama.

Gari lilipita soko, likapita mashamba ya tumbaku, likashika barabara kuu ya Ahmedabad. Kapila alikuwa amekiweka kijungu mapajani. Bima yake ilikuwa ndani ya mkoba, safi, haina uongo hata mmoja. Dereva alizima redio kupokea simu, na kile kilango kikaanza kusikika, ti, ti, ti, mpaka dereva akatazama saa ya garini.

"Nipe niyamwage," alinong'ona Ishwarbhai. "Darajani pale. Nani atajua?"

"Haya," alisema Kapila, akampa. "Yamwage wewe."

Akakichukua. Daraja likaja, mto ulikuwa chini yao, mpana, mchafu, wa kutosha. Ishwarbhai alishusha kioo, upepo ukaingia. Kidole kilikuwa juu ya nta. Upande wa pili wa daraja kidole kilikuwa bado kiko pale pale.

"Si uliniambia maji ni maji?" alisema mkewe.

Ishwarbhai alipandisha kioo, akakumbatia kile kijungu kwa mikono yote miwili, akakaa nacho hivyo hivyo mpaka uwanja wa ndege.